Pamba ya Godoro la Harusi

9 Januari 1994

Dada yangu, Sindano wa Mama,

Pokea salamu za mkono wa kulia, na za wa kushoto pia, maana wa kulia peke yake hautoshi kwa mapenzi niliyonayo. Mimi ni mzima, nimenenepa shavu, na meno yote yapo isipokuwa lile uliloling'oa wewe kwa mlango tukiwa wadogo. Nisalimie shemeji yangu Dereva, mwambie apunguze tumbo, lori lina usukani, halina meza ya kulia. Wasalimie wanao wote wawili. Na yule fundi viatu wa jirani, anayesema mimi ni mwongo, mwambie hajui hata nusu yake.

Huku mambo yangu ni makubwa. Ukisikia mtu amelala hoteli ya huku akaamka anatabasamu, jua nimepita hapo. Kiwandani kwetu pamba inaingia mlango huu ikiwa mabonge machafu, inatokea mlango ule imelala bapa, nyeupe, nene kama vidole vitatu, inajizungusha yenyewe kwenye roli kama mkeka. Hakuna upinde wa kuchambulia pamba, hakuna rungu la kupigia uzi wake, hakuna kukohoa. Mimi ndiye nasimama pale kwenye mashine. Nikikunja uso, kiwanda kizima kinaniuliza kulikoni. Meneja mwenyewe ananiita Profesa wa Pamba, mimi ambaye darasa la sita nililisoma nusu, na nusu yenyewe nilikuwa dirishani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimepata habari rasmi kutoka nyumbani kwamba karakana yetu ya magodoro nakabidhiwa mimi mwezi wa nane. Najua umeishikilia miaka saba hii, na umeishikilia kiume, sikunyimi sifa yako. Utakuwa msaidizi wangu mkuu. Kwenye kushona pembe za godoro hakuna anayekufikia, hilo nalisema hata mbele ya hakimu. Naomba tu unifanyie nafasi ule upande wa dirishani unapokaa wewe. Fundi mkuu hukaa penye mwanga.

Na neno dogo la mwisho. Lile godoro lako la harusi limetimiza miaka saba, na kwa desturi yetu muda wa kulifumua na kuipiga pamba upya umefika. Usiliguse. Nikija nitalifumua mwenyewe, kwa mikono yangu. Nasisitiza.

Ni mimi kaka yako,
Profesa


20 Februari 1994

Kaka,

Salamu zako zimefika na zimegawiwa. Dereva anasema tumbo ni lake na halijakuomba lifti. Watoto hawajambo. Mdogo ameota meno mawili. Mvua imenyesha wiki nzima na paa la karakana linavuja upande ule ule ulioahidi kuuziba kabla hujasafiri.

Ulisema nisiliguse. Nikajiuliza, huyu mtu ambaye miaka saba hajaniuliza kama nina shuka, leo ameanzaje kulionea huruma godoro langu? Jumamosi nikambebesha Dereva, tukalileta karakana, nikalilaza kwenye mkeka mbele ya watu. Wewe unaijua sheria yetu kuliko mimi: hakuna godoro linalofumuliwa pembeni. Mwenyewe anakaa kwenye kigoda, anaona pamba yake inatoka, inapigwa, inarudi. Ndiyo maana watu wanatuamini. Walikuwapo wateja wanne, na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana aliyekuja kuulizia magodoro ya bweni.

Nikakata uzi wa pembe. Fundo lilikuwa lako, mizunguko mitatu na kitanzi, halina mwingine duniani. Nikatia mkono.

Kaka, nilichotoa kwanza ni mguu wa suruali. Halafu kola ya shati. Halafu bitana za makoti, vipande vya gunia, soksi moja, na mkono mzima wa sare ya askari ukiwa na vifungo vyake. Yule mwalimu mkuu akasema, "Fundi, naona na mwenye nguo yumo, endelea kuvuta." Watu wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi nimekaa pale na mkono wa askari mapajani, na watu hao hao nimewaambia miaka saba kwamba kama wanataka kujua kazi ya nyumba yetu waje walale kwangu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Aliangalia rundo lile. Hakuuliza hata neno moja. Alichukua fimbo yake akaenda zake nyumbani.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa mzaha. Pamba yangu iko wapi? Mama alilima kile kijishamba nyuma ya nyumba misimu mitatu, akaichuma kwa vidole vyake, akaitia kwenye magunia mawili, akayafunga kitambaa chekundu ili mtu asiyachanganye na ya biashara. "Hii ni ya mwanangu siku akiolewa." Hata ulipokuwa mlevi ulilijua hilo. Uliiuza? Ndiyo iliyokupandisha gari wewe, Profesa?

Kama ni hivyo, karakana sahau. Mtu aliyemlaza dada yake juu ya matambara hawezi kulaza watu wengine.

Mdogo wako


2 Aprili 1994

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma nimelala. Kote inauma. Nashukuru kwamba watoto hawajambo. Huyo mdogo mpake asali kwenye fizi, mwambie mjomba ndiye daktari.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Hapana. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi hasira zangu huwa siziandiki, huwa nazitembeza.

Umenivua nguo mbele ya watu! Jambo la ndugu wawili umelifumua mbele ya wateja na mwalimu mkuu, halafu unanihubiria sheria ya karakana. Ungeshindwa nini kulifumua chumbani kwako, mlango umefungwa, ukaniandikia kwa siri, "Kaka, kulikoni?" Ningekujibu. Labda.

Nikwambie na hili, ingawa najua utanirushia kitu kutoka huko uliko. Yale matambara niliyakata madogo madogo, nikayachambua kwa mikono, nikayapanga tabaka kwa tabaka. Umelala miaka saba hujajua! Nani mwingine anaweza kukulaza juu ya soksi na sare ya askari ukazaa watoto wawili wenye afya? Huo ndio ufundi. Pamba nzuri hata mjinga anaijaza.

Basi, nimeshasema mzaha, na wewe ulinikataza. Nisamehe hilo moja tu.

Pamba sikuiuza. Niapishe kwa chochote utakacho. Nilisafiri kwa viatu vyangu na kwa msaada wa dereva mmoja aliyependa hadithi zangu. Pamba ililala panapostahili, na zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu likisemwa halitakusaidia wewe, wala mimi, wala mtu mwingine. Kuna mizigo mtu anaibeba kwa sababu bega lake ni pana.

Kuhusu karakana, imeshaamuliwa. Mwezi wa nane nakuja. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kununa, nuna ukiwa unashona.

Nimekutumia kwa mtu shali ya sufu ya rangi ya zambarau. Si rushwa. Nimeiona dirishani nikakukumbuka, nikakasirika, nikainunua.

Kaka yako


11 Mei 1994

Kaka,

Shali imefika. Nimeivaa siku moja nikaivua.

Mtoto ameota meno manne sasa, Dereva ana safari ndefu ya wiki mbili, na mimi nakohoa kwa sababu napiga pamba peke yangu. Mikono imepasuka. Nimeshinda kwenye upinde tangu asubuhi, rungu mkono mmoja, uzi unanguruma masikioni mpaka nikilala nausikia. Pamba ikishaingia kifuani haikuulizi wewe ni mwanamume au mwanamke. Wewe unajisifu mashine, mimi mashine yangu ni hii mikono.

Baba hajakanyaga karakana tangu siku ile. Anakaa uani anaangalia ukuta. Juzi aliniita. Nikadhani atasema, "Mwanangu, nimeona ulichofanyiwa." Akasema, "Karakana ni ya kaka yako. Yaishe." Nikamwuliza, "Hata baada ya yale matambara?" Akasema, "Hasa baada ya yale."

Hasa! Nifafanulie neno hilo wewe unayejua dunia. Mimi ndiye niliyelishika jina la nyumba hii lilipotaka kudondoka. Wewe ulipoondoka, siku tisa baada ya kumzika Mama, bila kuaga, nani alimaliza magodoro kumi na mawili yaliyokuwa yamefumuliwa sakafuni? Nani aliwarudisha wateja waliokwenda kununua sponji? Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba ya miezi minane, bado nimepiga magoti nashona pembe. Na mwizi ndiye anapewa ufunguo, na aliyeibiwa anaambiwa aondoke dirishani.

Halafu nimegundua kitu. Nimezitoa barua zako mbili nikazisoma tena. Umemsalimu Dereva, umewasalimu watoto, umemsalimu mpaka fundi viatu. Baba hukumsalimu. Hata jina la ubaba hulitaji. Unaandika "habari kutoka nyumbani", unaandika "imeshaamuliwa", kama vile karakana imeamuliwa na upepo. Na yeye nikimsomea barua yako anageuza uso. Mna nini ninyi wawili?

Sikiliza, kaka. Kuna chumba kinapangishwa ng'ambo ya barabara, kina dirisha kubwa na paa halivuji. Mwisho wa mwezi wa saba nachukua sindano zangu nahamia huko, na wateja watavuka barabara kunifuata, hilo unalijua. Utakuja mwezi wa nane ukabidhiwe kuta nne na upinde. Mkae humo wewe na Baba, mtazamane.

Au uniambie pamba ilikwenda wapi.

Mdogo wako


19 Juni 1994

Sindano,

Salamu leo ni fupi. Mimi mzima. Wote wasalimie, kasoro mmoja, kama ulivyokwisha kuona. Siku zote ulikuwa na macho ya kuona mshono uliorukwa.

Nakuandikia kutoka kitandani kwangu, chumba tunachokaa watu wanne, na siyo meneja anayeniita Profesa, ni hawa watatu, na wananiita hivyo wakinicheka. Kazi yangu ni kubeba mabonge kuyatupia kwenye mdomo wa mashine. Nikikunja uso hakuna anayeona, vumbi limejaa. Nimeona nianze kwa kufumua godoro langu mwenyewe, ili yanayofuata uyaamini.

Unakumbuka mgongo wa Mama. Wewe ulikuwa unamgeuza asubuhi, mimi jioni. Unakumbuka vile vidonda, na lile godoro lake lililokuwa limelala mpaka ukimweka mtu juu yake ni sawa na kumweka kwenye mbao. Wiki moja kabla ya harusi yako nilimwendea Baba. Nikamwambia tumjazie Mama pamba mpya. Karakana nzima haikuwa na pamba mpya ila ile ya magunia yako mawili. Alikuwa anapima kitambaa, hakuinua kichwa. Akasema, "Godoro lile litachomwa kabla ya msimu kwisha. Pamba mpya haichomwi."

Unaijua kanuni ya karakana: godoro la marehemu halipigwi upya, linachomwa. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Sijui kama alisikia. Miaka saba sijui.

Siku ya pili Baba alikwenda kufuata vitambaa. Nikayashusha magunia. Nikaipiga pamba ile, Sindano, sijapata kupiga pamba vile maishani mwangu, iliruka ikawa kama moshi. Nikajaza godoro nene, kwa kitambaa kile kile cha godoro lake la zamani ili Baba adhani nimelipiga upya tu, nikaenda kumbeba. Mama alipokiona kile kitambaa chekundu sakafuni akakataa. Akashika mlango. Alikuwa na nguvu za kuku lakini akashika mlango. "Hiyo ni ya mwanangu. Irudishe."

Nikamdanganya. Nikamwambia, "Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Ameona haya kukuambia." Hapo ndipo alipouachia mlango.

Kwa fundi cherehani nikaomba matambara yake yote, nikalijaza godoro lako, nikalifunga kwa fundo langu, na wewe ukaolewa.

Sikukuuliza kwa sababu nakujua. Ungemvaa Baba siku ile ile, na harusi ingevunjika. Ulikuwa unaimba ukifagia. Nikasema nitabeba mwenyewe, mimi ndiye mkubwa.

Mama alipokufa Baba akalitoa godoro uani akalitia moto. Pamba kuukuu inaungua polepole, inatoa moshi mweusi, unajua. Ile iliwaka mara moja, nyeupe. Akageuka akaniangalia. Hakuna pamba mpya nyingine iliyokuwapo, kwa hiyo alijua pale pale wewe umelalia nini. Akasema mimi ni mwizi niliyemwibia bi harusi. Mimi nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, na nisingeyafuta hata leo. Siku ya tisa akanionyesha barabara.

Sasa ananipa karakana. Hataki kusema, "Nilikosea." Anaona afadhali anipe kuta, upinde, na jasho lako la miaka saba, kuliko kutamka neno moja. Na mimi, sikufichi, naitaka. Naitaka kwa hasira. Nataka nikae kwenye kiti chake.

Hayo ndiyo yote. Hakuna jingine gizani.

Kaka yako


25 Julai 1994

Kaka,

Watoto wazima. Dereva amerudi. Kikohozi kimepungua.

Barua yako imenikaa mkononi wiki tatu. Sasa nikuambie kitu ambacho wewe hukijui, maana unadhani uliyabeba yote.

Zile wiki za mwisho za Mama, nilipokuwa navuka barabara kila jioni kuja kumwona, alikuwa ananishika kiganja, anasema, "Ahsante mwanangu kwa usingizi." Kila siku. Nami namjibu, "Usingizi gani, Mama?" Anacheka, anasema, "Haya, usijifanye." Siku moja nilichoka na kazi za nyumba mpya, nikamwambia, "Mama, unaweweseka, lala." Hakunishukuru tena. Siku nne baadaye akafa.

Umesikia? Mama alinishukuru, nami nikamwambia anaweweseka. Amekwenda hajui kama alipewa au hakupewa.

Ungeniuliza! Bega pana, bega pana, nani alikuomba bega? Mimi nilikuwa namgeuza kila asubuhi. Ngozi yake ilikuwa inabaki kwenye shuka, nani alikuwa anaifua? Ningempa pamba ile kwa mikono yangu miwili, na Baba ningemvaa ndiyo, na harusi ikivunjika ivunjike, Dereva angesubiri, mtu wa malori amezoea kusubiri. Matambara nimekusamehe. Ningelalia hata mawe. Lakini zawadi ile ilikuwa yangu, ukaitoa wewe kwa jina langu, ukaninyima kuwapo.

Na Baba. Nilimwendea uani na barua yako mkononi, nikaisoma yote kwa sauti, na yale ya mlango ulio wazi. Akasema, "Alikuwa anakufa." Nikasema, "Ndiyo. Kwa hiyo?" Akatafuta jibu. Niliona kabisa analitafuta, anapapasa kama mtu aliyedondosha sindano. Mwisho akasema, "Nilijua unalalia matambara. Kila nilipokuona unajishika kiuno nilijua." Nikamwambia, "Na bado ulinyamaza." Akasema, "Na bado nilinyamaza." Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa.

Nikamwambia, "Nipe ufunguo." Akauvua shingoni. Hakubishana. Yule fundi viatu alikuwapo na mwalimu mkuu pia, niliwaita makusudi wawe mashahidi. Kwa hiyo karakana ni yangu, kaka, na si kwa huruma ya mtu. Chumba cha ng'ambo nimekiacha. Shule imeagiza magodoro sitini. Mwalimu mkuu amesema fundi anayejifumua mwenyewe mbele ya watu hawezi kumficha kitu. Kwa hasira yako kiti cha Baba hukipati. Hata mimi sikikalii. Nimekitoa nje.

Najua kupiga pamba hakuna akushindaye, na kifua changu hakitafika mwakani kwa kazi hii. Nafasi ya kwenye upinde iko wazi. Msaidizi wangu mkuu, ukipenda cheo. Lakini mwezi wa nane usije. Nikikuona sasa hivi nitakupiga na rungu, nasema kweli. Njoo mwezi wa kumi na mbili.

Ukifika usianze na mzaha, na usiniletee shali. Kaa chini uniambie jioni ile ulipomweka kwenye pamba mpya alilala vipi. Kama alilala ubavu au chali. Kama alisema kitu. Alilala muda gani kabla ya kuamka. Yote, kaka, usiruke.

Mdogo wako